Munyu wa Mlimani

Mtaani kwetu Kabondo yuko mama mzee ambaye hali chakula cha mtu yeyote kabla hajakigusa kwa ncha ya ulimi. Haogopi sumu. Anatafuta chumvi. Akiipata anatikisa kichwa taratibu, anasogeza sahani, ndipo anakula. Nimemwona akifanya hivyo matangani, nimemwona arusini, nimemwona kwetu nyumbani siku tuliyomkaribisha lituma kwa samaki. Miaka mingi nilidhani ni mazoea ya uzee tu, kama wazee wengine wanavyopangusa kiti kabla ya kukaa. Siku nilipomwuliza, alinitazama kwa muda.

"Mwanangu," alisema, "sisi tulikulia mlimani bila munyu."

Katika barabara moja ya Kisangani chumvi ina majina matatu. Mwalimu wa shule anasema chumvi. Mfanyabiashara aliyepanda mto kutoka Kinshasa anasema mungwa, kwa Kilingala chake. Mama huyu anasema munyu, kwa sababu alizaliwa mbali na huku, kwenye milima iliyo juu ya Fizi, Kivu Kusini, mahali ambapo ukitazama chini asubuhi unaliona Ziwa Tanganyika liking'aa kama bati jipya. Aliletwa Kisangani na ndoa, utoto wake na sehemu ya ujana wake vikiwa vimekwisha kuliwa na vita. Sisi wa huku tumezoea mto na msitu. Mlima tunausikia kwenye nyimbo za kanisa. Ukimwambia yeye "mlimani" anakusahihisha: mlima upi? Kila mgongo una jina lake, kila kijito kina wenyewe, na watu wa mgongo huu hawaziki wafu wao kwenye mgongo ule.

Nilikuwa na sababu ya kumwuliza wakati ule. Nilikuwa nasoma riwaya ya zamani, nakala ya Kifaransa iliyochakaa, niliyoipata kwa wauza vitabu wanaotandika bidhaa yao chini kule Makiso. Ni Waverley ya Walter Scott, iliyotoka Edinburgh mwaka 1814 bila jina la mwandishi. Wanafasihi wengi huihesabu kuwa ndiyo iliyofungua njia ya riwaya ya kihistoria katika Ulaya, na habari zake ni za watu wa milimani wakati wa vita. Mwaka 1745 koo za milima ya Uskoti zilishika silaha ili kuurudisha kitini ukoo wa kifalme uliokuwa umeondolewa. Aprili 1746 zikavunjwavunjwa katika uwanja wa Culloden, na baada ya hapo sheria ya London ikawakataza hata mavazi yao ya asili. Scott aliipa riwaya yake jina la pili, linalomwambia msomaji kwamba tangu mambo hayo sasa imepita miaka 60.

Jina hilo la pili ndilo lililonikamata. Miaka 60 inatosha kidonda kukauka kiasi cha kuguswa, na bado aliyejeruhiwa yupo, amekaa kivulini, anaweza kuulizwa. Scott tangu utotoni aliwasikiliza wazee waliopigana vita vile wenyewe. Ndiyo maana riwaya yake, pamoja na upungufu wake nitakaoutaja, ina watu wanaokula na kugombana na kuona baridi. Nikahesabu kwa vidole. Kutoka Novemba 1964 hadi Novemba 2024 ni miaka 60 kamili.

Vita vya waasi walioitwa Simba vilikuja Kisangani, wakati ule Stanleyville, vikitoka upande wa milima, na vilipoondolewa hapa vilirudi milimani. Watu wa mjini tunalisahau hilo. Tunavikumbuka kama mambo ya Kisangani, kwa kuwa hapa ndipo dunia ilipovitazama. Vilianza masika ya 1964 katika uwanda wa Ruzizi na vilima vinavyouzunguka. Mei Uvira ikaanguka, Juni Albertville, ambayo leo ni Kalemie, Julai Kindu, na mwanzoni mwa Agosti vijana waliooshwa kwa dawa wakaingia hapa wakipiga kelele za "Mai! Mai Mulele!", wakiamini risasi zitageuka maji. Walikuwa na miiko yao: asiguse mwanamke, asiibe, asigeuke nyuma vitani. Septemba, Christophe Gbenye akatangaza serikali yake, Jamhuri ya Watu wa Kongo, na mji wetu ukawa mji mkuu. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashushwa na ndege za Marekani, nao mamluki na jeshi la serikali wakaingia kwa barabara. Wageni waliokufa siku ile wameandikwa mmoja mmoja. Wakongomani waliokufa, kwa mikono ya Simba kabla na kwa mikono ya jeshi na mamluki baadaye, wamebaki kuwa maelfu ya kukisia.

Kisha Simba waliosalia wakarudi mashariki. Wengine waliishia kwenye milima ya Fizi na Itombwe, na huko vita havikwisha. Mwaka 1967 Laurent-Désiré Kabila alianzisha chama chake cha PRP, na makao yao mlimani yakaitwa Hewa Bora. Hebu litazame jina hilo: watu wamezingirwa, hawana dawa za hospitali, hawana nguo, wanaita kwao Hewa Bora. Walikuwa na mashamba ya pamoja, na shule, na ushuru wao. Waliishi hivyo hadi miaka ya 1980, kizazi kizima, serikali ya Mobutu ikiwasahau na kuwakumbuka kwa zamu. Tarehe 15 Machi 1997 majeshi yaliyokuwa nyuma ya jina la Kabila yaliiteka Kisangani, na miezi miwili baadaye akaapishwa kuwa rais huko Kinshasa. Mlima ulitushukia mara mbili, na mara zote mbili uliongea Kiswahili.

Nani ameandika habari za watu wa mlima huo?

Kitabu ambacho dunia inakijua kiliandikwa na mgeni. Ernesto Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma tarehe 24 Aprili 1965, akashukia Kibamba, chini kabisa ya milima hiyo. Yeye na Wakuba wenzake walipewa majina ya kuhesabu kwa Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Tatu alikuwa yeye. Kijana wa Kikongomani, Freddy Ilanga, alipewa kazi ya kumfundisha lugha na kumkalimania. Kijana huyo aliishia Cuba, akawa daktari, na maisha yake peke yake ni riwaya. Che alikaa miezi saba. Shajara yake, ambayo ilitoka kitabu kizima zaidi ya miaka 30 baadaye, ni ya mtu mkweli, anayekiri kwamba kazi yao ilishindwa na hajifichi nyuma ya wengine. Naiheshimu. Lakini isome ukiwatafuta wanakijiji. Utakuta magomvi ya viongozi, hesabu ya bunduki, malalamiko kwamba wapiganaji walikataa kubeba mizigo wakisema wao si malori. Mizigo ilipanda mlima hata hivyo. Mara nyingi ni wakulima walioibeba, na mwandishi anawasifu, anawahurumia, anawatibu. Majina yao hayakushika kwenye karatasi.

Kwa mtu wa Kisangani jambo hili lina ukoo mrefu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887 kwa niaba ya dola ya Leopold, aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili alipokuwa mzee huko Zanzibar, na kitabu hicho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mtu kujisimulia katika lugha yetu. Mji wetu umo ndani yake. Wapagazi wamo pia: wanatajwa kwa hesabu, wamekuja wangapi, wametoroka wangapi, wamekufa wangapi. Lugha ilikuwa yao, kalamu ilikuwa ya mwenye pembe.

Wasomi wamefanya sehemu yao, na nasema hivyo kwa shukrani. Benoît Verhaegen, aliyefundisha hapa chuoni Kisangani, alikusanya nyaraka za maasi yale katika mabuku mawili makubwa, la 1966 na la 1969. Wilungula Cosma, Mkongomani, aliandika kuhusu maisha ya Hewa Bora kitabu kilichotoka Brussels mwaka 1997, na bila yeye tungejua kidogo sana. Vitabu hivi viko kwa Kifaransa. Mama wa Kabondo hawezi kuvisoma, ingawa vinamhusu yeye. Hata angesomewa, nadhani angesikiliza kwa adabu mpaka mwisho kisha aulize kwa nini hawakuandika habari ya munyu.

Basi niandike mimi, kama alivyonieleza.

Munyu wa kweli ulitoka ng'ambo ya ziwa. Ili kuupata ilibidi watu washuke kutoka mgongo wa juu mpaka ufukweni, usiku, wakiwakwepa askari waliopanga kambi kwenye barabara ya chini, kisha wavuke kwa mtumbwi hadi upande wa Kigoma wakiwa na dhahabu kidogo iliyochekechwa mitoni, au pembe. Walirudi na munyu, sabuni, kitambaa, na viberiti. Safari ilichukua siku nyingi. Mwenye kurudi na kikombe cha munyu alipokelewa kama bwana arusi.

Usipopatikana, wanawake walitengeneza wao wenyewe. Walikata majani ya bondeni yanayoota penye maji, wakayakausha, wakayachoma polepole mpaka yakawa majivu meupe. Majivu yaliwekwa kwenye chungu chenye matundu chini, kikatandikwa nyasi ndani. Maji yalimiminwa juu, yakachuja tone kwa tone, rangi ya chai. Maji hayo yalichemshwa mpaka yakakauka, na chini ya chungu ikabaki ganda jeusijeusi. Lilikuwa na ukali unaokwaruza koo, wala halikushiba ulimini. Mama anasema mtu akilizoea anaacha kuutaja munyu wa kweli, kwa sababu kuutaja kunamkumbusha. Watoto waliozaliwa juu kule hawakuujua kabisa. Siku ya kwanza mdogo wake wa mwisho kuonja sombe yenye munyu wa dukani, alitema.

Kaka yake mkubwa alishuka na wenzake saba kwenda ziwani. Wenzake saba walirudi. Walileta munyu, pamoja na sehemu yake yeye, imefungwa kwenye kipande cha shati. Mama yao alikiweka kifurushi kile juu ya dari, siku tatu. Siku ya nne alipika.

"Tuliula," mama aliniambia. "Watoto walikuwa na njaa ya munyu. Ungefanya nini?"

Nikamwuliza ni nani aliyemwua kaka yake, askari wa serikali au nani. Akasema ilikuwa usiku.

Nimekaa na maneno hayo miezi mingi, na ndiyo yaliyonifanya niandike tafakari hii. Hakuna ripoti itakayoyabeba. Mwanahistoria atayaweka kwenye ukurasa wa uchumi wa maficho, kwenye safu ya bidhaa kutoka ng'ambo, na atakuwa sahihi. Mshairi atayafanya kilio. Riwaya peke yake ina nafasi ya kuweka kile kifurushi darini siku tatu nzima, watoto wakiwa wanakitazama, baba akitoka na kuingia bila kusema, mvua ya mlimani ikinyesha, na msomaji asijue mama atafanya nini mpaka siku ya nne.

Lakini riwaya hiyo isitufariji kwa uongo. Hapa ndipo pagumu, na nimepita polepole.

Simba walikuwa watoto wa wakulima, walikuwa na haki ya kuchoka na serikali iliyowanyang'anya uhuru walioahidiwa mwaka 1960. Simba hao hao waliwaua makarani na viongozi mbele ya mnara wa Lumumba katika mji huu, watu waliokosa tu kwa kujua kusoma na kuwa na kazi ya ofisi. Walimchukua Sista Anuarite na wenzake kutoka Bafwabaka, na usiku wa kuamkia 1 Desemba 1964, huko Isiro, afisa wao alimwua kwa sababu alikataa kumtii mwilini. Kanisa lilimtangaza mwenye heri mwaka 1985, na hapa kwetu wako wasichana wengi wenye jina lake. Je, mwandishi wa riwaya ya mlimani atamwacha nje kwa kuwa hakuwa mtu wa mlima? Hawezi. Kijana aliyekuwapo Isiro usiku ule huenda ndiye aliyepanda Fizi mwaka uliofuata na kuchota maji kwenye kijito kimoja na mama wa Kabondo.

Na juu ya mlima wenyewe hapakuwa na moyo mmoja. Walikuwapo Wabembe, Wafuliiru, Wavira, Wanyindu, na Wanyamulenge na ng'ombe wao. Wapiganaji walipoanza kuwachukua ng'ombe, wengi wa wafugaji waliegemea upande wa jeshi la serikali, na damu iliyomwagika hapo katikati ya miaka ya 1960 inadaiwa mpaka leo katika nyanda za Minembwe na Itombwe. Nilimwuliza mama kuhusu ng'ombe. Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia. Kisha akasema kulikuwa na miezi ambayo nyama ilikuwa nyingi, waliila asubuhi na jioni, na haikuwa na munyu. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba ng'ombe hawakuwa wao.

Ndiyo sentensi ya pili ambayo riwaya ile haiwezi kuikwepa. Mwandishi wa kabila moja atataka kuandika ya munyu na kuiacha ya nyama. Mwandishi wa kabila jingine atataka kuandika ya nyama na kuiacha ya munyu. Zimetoka kinywani mwa mtu mmoja, mchana mmoja, kwenye baraza moja.

Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyetutoka Mei 2025, alilijua jambo hili akiwa kijana bado. Riwaya yake A Grain of Wheat ya mwaka 1967 inawaweka watu wa kijiji cha miinuko ya Kenya katika siku chache za kuelekea uhuru wa Desemba 1963, na vita vya Mau Mau viko nyuma yao, vibichi. Kijiji kinamtaka mtu mmoja, Mugo, asimame kuhutubia kama shujaa. Mtu huyo ndiye aliyemsaliti mpiganaji wao. Ngũgĩ hakusubiri miaka 60, hakusubiri hata mitano baada ya uhuru, na hakumficha msaliti ili kuilinda sifa ya mapambano. Aliamini kijiji kinaweza kuubeba ukweli wake. Kwa Kiswahili P. M. Kareithi aliandika kuhusu vita hivyo hivyo katika Kaburi bila Msalaba, mwaka 1969. Njia imekwisha fyekwa na majirani zetu.

Upungufu wa Scott nilioahidi kuutaja ni huu. Kijana wake Waverley ni mgeni. Anatoka chini, anapanda mlimani, anashangaa, anapenda, anavaa kama wao, anapigana nao kidogo, kisha anashuka, anasamehewa na mfalme, anaoa, anarithi shamba. Wenye mlima ndio wanaonyongwa. Nilipomaliza ukurasa wa mwisho nilimkumbuka Tatu akivuka ziwa Novemba 1965, usiku, mashua zikiwa hazitoshi kuwachukua wote waliotaka kuondoka. Vitabu vingi vya milima wakati wa vita vimeandikwa kwa macho ya mtu anayepanda na kushuka. Mimi mwenyewe, nikiandika haya nikiwa kando ya mto, ni wa namna hiyo. Riwaya ninayoitamani inaanza na mtu ambaye yuko juu tayari, na wageni wanapoingia tunawaona wakitokea bondeni, wadogo, wanahema, hatujui wamebeba nini.

Na iwe kwa Kiswahili kipi? Riwaya za Kongo zilizovuka mipaka zimeandikwa zaidi kwa Kifaransa. V. Y. Mudimbe alimpeleka padri wake porini kwa waasi katika Entre les eaux, 1973, na ni kitabu kizito, lakini padri yule anafikiri kwa Kifaransa na Kilatini hata akiwa matopeni. Wapo wanaosema Kiswahili chetu hakijakomaa, kwamba ni cha sokoni, kina Kilingala na Kifaransa ndani, hakifai kitabu. Jibu liko Lubumbashi. Mwaka 1965, mwaka ule ule Tatu alipokuwa mlimani, watu waliokuwa watumishi wa nyumbani mwa wazungu waliandika kwa Kiswahili cha mji wao historia ya Elisabethville, na aliyeiandaa ni André Yav. Hawakuomba ruhusa ya kamusi. Na miaka michache baadaye Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi hii picha kwa picha na kuieleza kwa lugha hiyo hiyo. Kiswahili kilichoweza kubeba historia ya nchi nzima kitabeba kifurushi cha munyu.

Kwa hiyo munyu ubaki munyu. Na kelele za Simba zibaki "Mai", msahihishaji asije akaziandika "Maji", kwa sababu watu walikufa wakiamini neno lile kwa sauti ile. Msomaji wa Tanga au Mombasa atajikwaa mara mbili tatu, kama sisi tunavyojikwaa kwenye maneno ya bahari katika riwaya za Zanzibar na kuendelea mbele kwa furaha.

Nasema haya nikiwa mtu wa vita vingine. Juni 2000, kutoka tarehe 5 hadi 10, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigania mji wetu, yote mawili ya wageni, kwa makombora, juu ya paa zetu. Nilikuwa mtoto. Tulilala chini ya kitanda, na mama yangu hakuwasha moto kwa kuogopa moshi, tukala muhogo mbichi uliolowekwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa mambo iliyoyafanya nchini kwetu katika vita vile: milioni 225 kwa watu, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa maliasili. Ni haki, na nilifurahi siku ile. Jioni nilimwuliza mama yangu anakumbuka nini. Hakutaja makombora. Alisema alikuwa na makaa gunia zima jikoni, na watoto wake walikula kibichi.

Mwaka 2060 ndipo sisi tutafikisha miaka 60 yetu. Wenzetu wa mlimani wamekwisha kuifikisha, na saa yao inakwenda. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1964 amepita 70 sasa, na katika nchi hii huko ni mbali. Kama nyumbani kwako yuko mzee wa Fizi, wa Uvira, wa Itombwe, wa Wamba, au wa hapa hapa Mangobo aliyeiona Novemba ile, keti naye. Usianze na nani alishinda wala nani alikuwa na haki. Mwulize walikuwa wanakula nini, na nani alikwenda kukitafuta. Andika kwa maneno yake, na akinyamaza andika kwamba alinyamaza.

Mimi nimenunua daftari la kurasa 200. Kila Jumapili baada ya misa ninavuka barabara na kukaa barazani kwa mama wa Kabondo mpaka jua linapopoa. Tumefika mwaka 1966.